Wajerumani waliohamia Texas: je, walikuwa ni wale wale walioleta manowari Unguja mwaka 1885?

Mwalimu wa Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninasomesha historia kidato cha tatu hapa Chake Chake, na wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza swali ambalo nililijibu nusu nusu, na tangu siku hiyo halijaniondoka moyoni. Tulikuwa tumemaliza kusoma namna Carl Peters alivyozunguka bara mwaka 1884 akikusanya mikataba ya Usagara na sehemu za jirani, na namna manowari za Kijerumani zilivyotia nanga mbele ya Mji Mkongwe mwezi wa Agosti 1885 mpaka Sayyid Barghash akalazimika kukubali yale aliyokuwa akiyakataa. Kisha tukaingia mada ya Marekani, na kitabu kikataja kwa sentensi moja tu kwamba katika karne hiyo hiyo mamilioni ya Wajerumani waliihama nchi yao wakaenda kulima katika mipaka ya mbali ya Marekani.

Msichana akanyoosha mkono, akasema: "Maalim, ikiwa walikuwa na nguvu za kutuletea manowari sisi, kule kwa nini walikwenda na watoto na majembe?"

Nilimwambia kwamba kule walikuwa wahamiaji na huku walikuja kutawala. Jibu hilo si uongo, lakini halifafanui chochote, na yeye mwenyewe aliliona hivyo kwa namna alivyoteremsha mkono. Kwa hiyo ninaomba msaada wa wenye kujua. Watu hawa walikuwa ni nani hasa, nini kiliwatoa kwao, na ardhi waliyoilima waliipata kwa nani? Ningependa zaidi kuelezwa habari za mahali pamoja kwa undani kuliko kupewa orodha ya majimbo, kwa sababu wanafunzi wangu hukumbuka kisa na husahau orodha.

Mzee wa Mkunazini

Wa alaykumu ssalaam, Maalim. Mfikishie salamu zangu huyo binti, kwani swali lake ni la mtu anayesoma kwa macho mawili.

Tuanze na miaka. Wajerumani waliofungua mashamba katika vilima vya Texas, ambao ndio ninaowajua vyema kuliko wengine, walifika huko katika miaka ya 1840, yaani takriban miaka arubaini kabla ya manowari alizozitaja. Wakati huo hapakuwa na dola iitwayo Ujerumani. Palikuwa na falme, himaya za wana wa wafalme na miji huru kadhaa wa kadhaa, kila mmoja na mtawala wake na ushuru wake, na hazikuunganishwa kuwa dola moja ila mwaka 1871. Sisi Wazanzibari tuna ushahidi wa jambo hilo katika historia yetu wenyewe. Nyumba ya biashara ya O'Swald iliyofungua ofisi hapa Unguja mwaka 1849 na kusafirisha makauri kwenda Afrika Magharibi ilikuwa nyumba ya watu wa Hamburg, na mkataba wa biashara uliofungwa mwaka 1859 ulikuwa baina ya Sultani na miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck, si baina yake na "Ujerumani". Bibi Salme alipoondoka mwaka 1866 na kuolewa na Ruete, alikwenda kuishi katika mji uliokuwa bado na mamlaka yake. Basi wale wakulima wa Texas hawakuwa na manowari kwa sababu hapakuwa na dola ya kuwapa.

Ama kilichowatoa kwao, kikubwa kilikuwa ni ufinyu wa ardhi. Katika sehemu za kusini magharibi, kama vile Baden, Württemberg na sehemu za Hesse, desturi ilikuwa kugawa shamba kwa warithi wote. Maalim, wewe na mimi tunajua mwisho wa hesabu hiyo: shamba la mikarafuu la babu likishagawiwa mara tatu, mjukuu hubakiwa na miti michache ambayo haimtoshi hata kulipa wachumaji. Kwao ilikuwa vivyo hivyo, isipokuwa kwamba chakula chao kikuu kilikuwa viazi, na kuanzia mwaka 1845 ukaingia ugonjwa uliooza viazi ardhini. Tena wafumaji wa mkono vijijini walikuwa wamekwisha kunyang'anywa riziki na nguo za mashine za Kiingereza. Wako pia waliokimbia utumishi wa jeshi, na baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa wakaja wasomi na waandishi waliokimbia watawala wao. Lakini walio wengi walikuwa wakulima na mafundi ambao walikuwa na kitu kidogo cha kuuza, kwani maskini kabisa hakuwa na nauli.

Kwa nini Texas? Kwa sababu ya barua. Mjerumani mmoja kutoka Oldenburg, Friedrich Ernst, aliingia Texas na familia yake mwaka 1831, wakati nchi hiyo ilikuwa ni jimbo la Mexico, akapewa zaidi ya eka 4,000. Aliandika kwao kuisifu nchi, na barua yake ikachapishwa magazetini na kusomwa na watu ambao walikuwa wakigombania robo eka. Mahali alipokaa paliitwa Industry, na mpaka leo panaitwa hivyo.

Kisha wakaingia wakubwa. Mwezi wa Aprili 1842, huko Biebrich ukingoni mwa mto Rhine, kundi la masharifu wa Kijerumani lilianzisha jumuiya iliyokuja kujulikana kama Adelsverein, yaani Jumuiya ya Masharifu, ya kupeleka wahamiaji Texas. Mwanamume asiye na mke aliweka amana ya dola 120, na mwenye familia dola 240. Kwa fedha hizo aliahidiwa safari, nyumba ya magogo, chakula mpaka avune, na ardhi: eka 160 kwa mmoja, eka 320 kwa familia. Ninakuomba uwasomee wanafunzi wako namba hizo polepole, kisha uwakumbushe kwamba katika ugawaji wa ardhi baada ya Mapinduzi yetu kila familia ilipewa eka tatu.

Lakini jumuiya hiyo haikuwa na ardhi. Mwaka 1844 ilinunua kwa walanguzi wawili, Fisher na Miller, mkataba wa kupeleka walowezi katika eneo la zaidi ya eka milioni 3 baina ya mito Llano na Colorado. Walichonunua ilikuwa haki ya kukaliza watu kwa muda maalumu, tena waliinunua bila ya kwenda kuiona nchi yenyewe. Eneo hilo lilikuwa malisho na mawindo ya Wacomanche, watu wa farasi walioogopwa na kila jirani, na wao hawakuulizwa na Fisher, wala Miller, wala serikali ya Texas iliyotoa mkataba huo.

Bint Mkoani

Ahsante sana, mzee wangu, lakini naomba radhi nikatize hapo hapo ulipofika. Kila ninaposoma habari za walowezi wa Marekani, wawe Wajerumani, Wairishi au wengine, husimuliwa taabu zao, na mimi taabu zao ninazihurumia. Hata hivyo mtu akiuziwa shamba la mwenziwe na dalali, na akalilima kwa jasho lake miaka thelathini, shamba haliwi lake kwa sababu ya jasho. Ami yangu aliuziwa kiwanja namna hiyo, akajenga mpaka linta, na mwenye kiwanja akatokea na hati yake mkononi. Ningependa kujua, je, Wajerumani hao walipotambua kwamba nchi ina wenyewe, walifanya nini? Nadhani hilo ndilo jibu analolitaka yule mwanafunzi wa Maalim, kwa sababu Peters naye alikuwa na karatasi mkononi.

Msafiri wa Kiembe Samaki

Bint Mkoani umeuliza jambo ambalo ninaweza kulijibu kwa kiasi, kwa kuwa nilisoma Texas miaka minne na nilizizunguka sehemu hizo kila nilipopata likizo. Niruhusuni nianze pwani, kwa sababu bila ya pwani hamtauelewa mkataba.

Meli za jumuiya ziliteremsha watu katika ghuba ya Matagorda, mahali walipopaita Carlshafen, karibu na rasi iliyokuwa ikiitwa Indian Point. Mji uliokuja kuota hapo, Indianola, ulivunjwa na tufani mwaka 1875 na tena mwaka 1886, na haukujengwa tena. Nilipofika nilikuta pwani tambarare, nyasi za chumvi, vipande vya makombe na upepo usionyamaza. Hapana kilima wala mti wa kuzuia chochote. Nilisimama nikajaribu kuwaona watu elfu kadhaa wamekaa hapo katika mahema na vibanda wakati wa baridi na mvua, na sikuweza.

Walowezi wa kwanza walikuwa na bahati. Mkuu wao, Prince Carl wa Solms-Braunfels, aliwanunulia kipande cha ardhi njiani, nje ya eneo la Wacomanche, eka 1,265 kwa dola 1,111, na tarehe 21 Machi 1845, siku ya Ijumaa Kuu, wakaanzisha mji wa New Braunfels kwenye chemchemi za Comal. Muda si mrefu baadaye Solms akarudi Ulaya na kuacha madeni. Aliyepokea kazi yake alikuwa sharifu mwengine, Otfried Hans von Meusebach, ambaye alipofika Texas aliliweka kando jina lake la usharifu akajiita John O. Meusebach tu. Huyu ndiye aliyekuta hazina tupu huku meli zikiendelea kuleta watu, maana baina ya Oktoba 1845 na Aprili 1846 waliteremshwa zaidi ya 5,000.

Magari ya ng'ombe yalikodiwa ili yawapeleke bara, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mwezi wa Mei 1846 vita vya Marekani na Mexico vikaanza, jeshi likatoa malipo makubwa zaidi, na wenye magari wakaenda kubeba mizigo ya jeshi. Watu wakabaki ufukweni na nguo zao na masanduku yao. Homa na kuhara damu vikawaingia, na waliokata tamaa wakaanza kwenda kwa miguu, mabegani watoto, na maradhi wakayachukua njia nzima mpaka New Braunfels. Walikufa kwa mamia. Wako watoto walioingia New Braunfels bila ya baba wala mama, na mchungaji wa Kilutheri mjini hapo, Louis Ervendberg, pamoja na mkewe, waliwachukua mayatima wakawalea.

Sasa nijibu ulilouliza. Meusebach alianzisha mji wa pili, Fredericksburg, tarehe 8 Mei 1846, ili uwe kituo cha kuingilia eneo la mkataba. Kila mtu alipewa kiwanja mjini na eka 10 za kulima nje ya mji, badala ya zile 320. Eneo lenyewe lilikuwa mbele zaidi, na wapima ardhi walikataa kuingia kwa khofu ya Wacomanche. Meusebach akaamua kwenda mwenyewe kwa wenye nchi. Alitoka mwezi wa Januari 1847 na watu wasiozidi hamsini, akiwemo Jim Shaw, mkalimani wa kabila la Delaware, na mwanzoni mwa Machi akakaa baraza kando ya mto San Saba na wakuu wa Wacomanche: Buffalo Hump, Santa Anna na Old Owl. Husimuliwa kwamba alipokaribia kambi yao aliwaamuru wenzake wafyatue bunduki zao zote hewani, zibaki tupu mbele ya wapiganaji wengi kuliko wao. Alikuwa na ndevu nyekundu, na Wacomanche wakampa kwa Kispania jina la El Sol Colorado, Jua Jekundu.

Walichopatana kilikuwa hivi: Wajerumani wapite na wapime ardhi mpaka San Saba bila ya kudhuriwa, Wacomanche nao waingie miji ya Wajerumani bila ya khofu, atakayekosa upande wowote apelekwe mbele ya haki, na Wacomanche wapewe zawadi zenye thamani ya dola 3,000. Hati ilitiwa saini Fredericksburg tarehe 9 Mei 1847, na imehifadhiwa leo Austin katika nyaraka za jimbo. Tofauti na karatasi za Peters, hapa waliotia saini walikuwa wamekaa baraza, wamebishana, na wanaelewa wanachokitoa. Pia haikuwa hati ya kuhamisha nchi. Ilikuwa hati ya kukaa pamoja. Watu wa Fredericksburg wanajivunia mpaka leo kwamba haikuvunjwa na wenye kuiandikiana, na kwa wao kama wao nadhani wana haki.

Lakini Bint Mkoani, ukweli hauishii hapo. Wajerumani waliokwenda kukaa ndani ya lile eneo kubwa walikuwa wachache mno. Njia waliyoifungua ikapitwa na watu wengine ambao hawakuwa wamemuahidi mtu chochote. Mwaka 1855 baadhi ya Wacomanche wa kusini walikuwa wamekwisha kuwekwa katika kipande cha ardhi walichotengewa Texas, mwaka 1859 wakahamishwa kupelekwa kaskazini ya mto Red, na mwaka 1875 kundi la mwisho, pamoja na Quanah Parker, likasalimu amri Fort Sill. Waliozaliwa mwaka wa baraza la San Saba walikuwa hawajafikia umri wa miaka thelathini.

Mzee wa Mkunazini

Nimefurahi kusoma kwa aliyepaona mahali penyewe. Ninaongeza jambo moja ambalo mwalimu wa Zanzibar hatakiwi kuliruka, nalo ni utumwa, maana sisi na Texas katika miaka hiyo tulikuwa tukilima kwa mikono ya watumwa, wao pamba, sisi karafuu.

Husemwa mara nyingi kwamba Wajerumani wa Texas waliuchukia utumwa. Kwa watu wa vilimani hilo ni kweli kwa sehemu kubwa: walilima mashamba madogo kwa mikono yao na wengi wao hawakumiliki mtu. Lakini ile jumuiya ya masharifu yenyewe, mwaka 1843, kabla haijaleta mlowezi hata mmoja, ilinunua shamba kubwa katika wilaya ya Fayette ikaliita Nassau, na shamba hilo lilifanyiwa kazi na watumwa. Wote wawili ni Wajerumani, na ni vyema wanafunzi wakawaona wote wawili.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, vijana wengi wa vilimani walikataa kupigania upande wa wenye watumwa. Mwezi wa Agosti 1862 kundi lao lilikuwa likielekea Mexico, wakalala kando ya mto Nueces bila ya kuweka walinzi wa kutosha. Askari wa Kusini wakawashambulia alfajiri ya tarehe 10. Waliuawa 19 katika mapigano, na majeruhi 9 wakauawa baadaye wakiwa wameshikwa. Mifupa ikabaki porini mpaka vita vilipokwisha, ndipo jamaa zao wakaenda kuikusanya mwaka 1865, wakaizika katika kijiji chao cha Comfort. Juu ya kaburi wakasimamisha nguzo ya mawe iliyoandikwa Treue der Union, yaani Uaminifu kwa Muungano.

Mwalimu wa Chake

Mungu akulipeni kheri nyote. Nitakigawa kisa hiki katika vipindi viwili: cha kwanza pwani ya Carlshafen, cha pili baraza la San Saba, na Peters nitamrudisha tena ubaoni ili hati mbili zikae kando kwa kando na wanafunzi wenyewe wazipime. Nguzo ya Comfort ninaiweka mwisho.

Nina swali moja lililobaki kwa Msafiri. Lugha yao imebaki, au imekwisha? Hapa kwetu watoto wanaorudi kutoka Muscat na Dubai huanza kuwajibu bibi zao kwa Kiarabu au Kiingereza, na mimi jambo hilo hunishughulisha kila Idi wanapokuja.

Msafiri wa Kiembe Samaki

Maalim, lugha inakwisha. Walikuwa nayo vizazi vitatu na zaidi, na gazeti la Kijerumani lilichapishwa New Braunfels tangu mwaka 1852, mhariri wake wa kwanza akiwa Ferdinand Lindheimer, mtaalamu wa mimea. Kilichoivunja ni Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1918 Kijerumani kilitazamwa Marekani nzima kama lugha ya adui. Gavana wa Iowa alikataza lugha yoyote isiyokuwa Kiingereza hata katika simu na katika ibada, na huko Collinsville, Illinois, mhamiaji wa Kijerumani, Robert Prager, alinyongwa na kundi la watu. Texas nayo ikaamuru skuli zisomeshe kwa Kiingereza. Wazee wakaendelea kuzungumza jikoni na shambani, wakaacha kuzungumza na watoto.

Nilikutana na bibi mmoja Fredericksburg, umri wake umepindukia themanini, aliyenionesha kijumba cha Jumapili cha wazee wake. Vijumba hivyo walivijenga wakulima waliokaa mbali na mji: walikuja Jumamosi na gari kununua mahitaji, wakalala, asubuhi wakaenda kanisani, kisha wakarudi shamba. Hiki kilikuwa chumba kimoja cha mawe ya chokaa, na ngazi ya mbao ilikuwa nje, ikipanda ukutani mpaka darini walipolala watoto wa kiume. Nilimuuliza kwa nini ngazi iko nje. Akaniambia kwamba ingekuwa ndani ingekula nafasi ya kitanda. Kisha akarudia jibu lile lile kwa Kijerumani chao, taratibu, akaniambia kwamba nyumbani hakuna tena wa kumwambia kwa lugha hiyo, kwa hiyo akipata mgeni anayependa kusikiliza humsemesha hata kama haelewi.